Asilimia 50 si elimu: biletini za watoto wetu zinatuficha nini?

KALEMIE – Kila mwaka, tarehe 2 mwezi wa saba inapofika, mji wetu unabadilika sura. Watoto wanatoka shuleni na biletini mkononi, wengine wanakimbia, wengine wanapita njia ya nyuma ili majirani wasiwaone. Baadaye, siku matokeo ya mtihani wa taifa yanapoingia kwenye simu, unga mweupe unamwagwa juu ya vichwa, pikipiki zinapiga honi, na mama wanapiga vigelegele mpaka usiku. Ulizo ni moja tu mjini mzima: umepata ngapi?

Ngapi. Hakuna anayeuliza: umejua nini?

Wasomaji wetu wapenzi, leo sitaandika juu ya bei ya ndagala wala juu ya barabara. Nataka kusema juu ya namna tunavyowapima watoto wetu katika kalasi, kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo tunapodanganyana: mwalimu anamdanganya mzazi, mzazi anajidanganya mwenyewe, na mtoto ndiye anayelipa. Analipa kwa kurudia mwaka bila kujua alikosea wapi. Au analipa kwa kupanda kalasi bila kujua kusoma, mpaka siku anapofika mwaka wa sita wa sekondari na diploma inakuwa karatasi ya kutundika ukutani.

Mimi si mwalimu. Mimi ni mtu wa radio. Lakini kwa miaka yote ninayozunguka na mikrofoni katika shule za hapa, nimesikia maneno yaleyale kwa direkta, kwa prefe, kwa wazazi: asilimia, asilimia, asilimia. Basi tuiangalie hiyo asilimia uso kwa uso.

NAMBA ISIYOSEMA KITU

Tuchukue mfano. Mwalimu wa mwaka wa nne wa msingi anatoa interogasio ya hesabu yenye maulizo 10: matano ya kujumlisha, matano ya kugawanya. Mtoto wa kwanza anajibu vizuri yote ya kujumlisha na anakosa yote ya kugawanya. Anapata 5 juu ya 10. Mtoto wa pili anajua kujumlisha na kugawanya vilevile, lakini anakaa nyuma kabisa ya kalasi na macho yake hayaoni ubao vizuri. Alipoandika 8 ilikuwa 3, alipoandika 1 ilikuwa 7. Naye anapata 5 juu ya 10.

Katika kaye ya pointi, watoto hawa wawili ni sawa. Kwenye biletini watakuwa sawa. Nyumbani watagombezwa sawa. Lakini wa kwanza anahitaji kufunzwa tena kugawanya, na wa pili anahitaji tu kusogezwa kwenye banki la mbele. Namba 5 haikusema hivyo. Mwalimu angeangalia makosa yenyewe, angejua kwa dakika mbili. Ila hakuangalia makosa, alihesabu.

Sasa fikiria kwamba hiyo 5 inajumlishwa na pointi za Kifaransa, za historia, za michezo, za kuimba, kisha vyote vinageuzwa kuwa asilimia moja. Mtoto ana 54. Amepita. Anajua kusoma? Anajua kugawanya? Hiyo 54 haijui. Mtu anaweza kupita mwaka akiwa hajui kabisa jambo ambalo mwaka unaofuata umejengwa juu yake, kwa sababu pointi za somo moja zimeziba shimo la somo lingine. Na mwingine ana 48, anarudia mwaka mzima, pamoja na yale masomo yote aliyoyajua vizuri, kwa sababu ya shimo moja ambalo lingezibwa kwa wiki tatu.

Tena kuna hii ya kupanga watoto: wa kwanza, wa pili, wa sabini. Wazazi tunaipenda sana. Lakini kuwa wa kwanza katika kalasi ambamo hakuna anayejua kusoma, ni ushindi gani? Kupanga watoto kunasema nani amemshinda nani. Hakusemi kama kuna aliyefika pale programu ya serkali ilipotaka afike.

KUPIMA ILI KUPONYA, KUPIMA ILI KUANDIKA

Wataalamu wa elimu wanatenganisha kazi mbili za kumpima mwanafunzi. Ya kwanza ni kupima wakati mtoto bado anajifunza, ili mwalimu ajue nini kimeingia na nini bado, na abadilishe somo lake la kesho. Ya pili ni kupima mwishoni, ili kufunga hesabu: huyu apande, huyu abaki, huyu apewe diploma. Majina ya kitaalamu ya mambo haya mawili yaliwekwa na Michael Scriven mwaka 1967. Ni karibu na wakati uleule ambapo nchi yetu, chini ya Mobutu, ilikuwa inaanzisha mtihani wa taifa. Tukashika sana ile kazi ya pili. Ile ya kwanza tukaiacha barabarani.

Kila mzazi ataelewa nikisema hivi. Umempeleka mtoto hospitali, ana homa. Muuguzi anaweka kipimo, anaona 39, anaandika 39 kwenye fishi, anakurudishia mtoto na kusema: «Ana 39, tutaonana mwezi wa sita.» Utakubali? Utapiga kelele mpaka daktari mkuu atoke. Kipimo cha homa ni cha kumsaidia muuguzi ajue dawa gani atoe, na kesho apime tena aone kama dawa imefanya kazi.

Lakini shuleni tunakubali. Mtoto anapimwa mwezi wa kumi, anapata 3 juu ya 10, namba inaandikwa, na somo linaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi wa kumi na mbili anapimwa tena, anapata 3. Mwezi wa sita tunashangaa kwamba ameanguka. Alikuwa anaanguka tangu mwezi wa kumi, na kuna mtu aliyekuwa anaandika.

Katika sekondari ni wazi zaidi. Kila muhula una vipindi viwili na mtihani, na mtihani peke yake una uzito sawa na vipindi vyote viwili pamoja. Kazi za kila siku zilipaswa kuwa nafasi ya kujaribu, kukosea na kurekebishwa kabla ya mtihani. Zimegeuka kuwa mitihani midogo midogo. Mtoto haruhusiwi kukosea hata siku moja, kwa sababu kila kosa linaandikwa na linajumlishwa. Na asiyeruhusiwa kukosea atafanya nini? Atakopia.

Mtu ataniambia: pointi zinatia watoto bidii. Mwaka 1988, Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alitoa matokeo ya kazi aliyoifanya na wanafunzi. Kikundi kimoja kilirudishiwa kazi zake na pointi tu. Kingine na maneno tu: hapa umefanya vizuri, hapa jaribu hivi. Kingine na pointi pamoja na maneno. Waliopewa maneno peke yake ndio walioendelea mbele na kubaki na hamu ya kazi. Na wale waliopewa vyote viwili? Hawakufaidika kama wale wa maneno tu. Mtoto akiona namba, anaangalia namba, haangalii tena maneno. Tunajua hivyo hata bila utafiti: rudisha kopi kalasini, utasikia «wewe una ngapi? wewe una ngapi?», kisha kopi inakunjwa na kutupwa.

Nasema «rudisha kopi» kana kwamba zinarudi. Kuna shule hapa mjini ambako kopi za mtihani hazirudi kabisa. Mtoto hajui ulizo gani alikosa. Mzazi akiomba kuona, anaulizwa kama haamini mwalimu. Bwana prefe, kopi ni kazi ya mtoto. Biki ni yake, karatasi mzazi aliilipa. Kumficha mtoto makosa yake ni kama fundi kukurudishia pikipiki na kukataa kukuambia imeharibika wapi.

FISHI INAYODANGANYA ENSPEKTA

Walimu wetu hawawezi kusema hawajui haya. Kila aliyesoma umanite ya pedagojia amefunzwa kuandika fishi ya kutayarisha somo. Juu yake kunaandikwa lengo: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza kufanya jambo fulani. Jambo la kuonekana: ataweza kuhesabu, ataweza kusoma, ataweza kuchora. Na chini, mwishoni, kuna sehemu ya zoezi la kuhakikisha kama lengo limefikiwa.

Hiyo fishi ni kitu kizuri sana. Ndani yake kuna elimu yote ya kupima: kwanza ujue unataka mtoto aweze nini, kisha ufunze, kisha uangalie kama anaweza. Lakini fishi nyingi zinaandikwa kwa ajili ya sahihi ya direkta na macho ya enspekta. Sehemu ya mwisho inajazwa nyumbani usiku, kabla somo halijafunzwa! Kengele ikilia, mwalimu anafuta ubao na kuingia somo lingine. Zoezi limefanyika kwenye karatasi, watoto hawakuliona.

Na enspekta anapokuja, anaomba nini? Fishi, jurnali ya kalasi, kaye ya pointi. Vitabu vikiwa safi, mwalimu ni mzuri. Ni mara ngapi enspekta anamwita mtoto wa tatu kutoka nyuma na kumwambia: nisomee mstari huu?

ULIZO LINAPIMA NINI?

Jambo la pili ambalo wataalamu wanasisitiza ni hili: kipimo kiwe kinapima kile unachosema kinapima. Linaonekana rahisi. Lakini angalieni interogasio za watoto wenu.

Somo la sayansi linasema mtoto ataweza kukinga nyumba yake na kipindupindu. Ugonjwa huu tunaujua vizuri sisi watu wa kando ya ziwa. Interogasio inauliza: andika maana ya kipindupindu. Mtoto aliyekariri mistari minne ya kaye, neno kwa neno, anapata 10. Mtoto anayejua kuchemsha maji, kunawa mikono kwa sabuni na kuchimba choo mbali na kisima, lakini amesahau mstari wa tatu, anapata 4. Tumepima nini hapo? Tumepima kichwa cha kukariri. Na yule wa 10 anarudi nyumbani na kunywa maji ya ziwa.

Halafu kuna lugha. Hapa Kalemie mtoto anaanza shule akizungumza Kiswahili, au Kiluba, au Kitabwa, au Kibembe. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufunzia, lakini inatambua pia lugha za taifa na lugha za mahali kuwa njia ya kufunzia na kujifunza. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu. Pamoja na hayo, mtoto anapewa ulizo la hesabu lililojaa Kifaransa: mfanyabiashara alikuwa na magunia kadhaa, akauza, yamebaki mangapi. Mtoto anayemsaidia mama yake sokoni kila jumamosi, anayejua kurudisha chenji bila kukosea hata franka moja, anapata sifuri. Hakuelewa neno la Kifaransa la «kubaki». Katika biletini kunaandikwa: hesabu, 0. Huo ni uongo. Ingeandikwa: Kifaransa, bado.

Sisemi tuache Kifaransa. Watoto wanakihitaji, mtihani wa mwisho wa msingi, yaani ENAFEP, unakipima, na mtihani wa taifa vilevile. Nasema ukitaka kupima Kifaransa, pima Kifaransa. Ukitaka kupima hesabu, hakikisha kwamba mtoto ameelewa ulizo. Mwalimu akisoma ulizo mara moja kwa Kiswahili, amevunja sheria gani?

MIZANI INAYOBADILIKA

Bandarini kwetu, mizani ikionyesha kilo 50 asubuhi na kilo 60 mchana kwa gunia lilelile, wafanyabiashara watafanya vurugu. Kipimo lazima kisimame imara: kopi ileile, leo au kesho, kwa mwalimu huyu au yule, ipate karibu pointi zilezile. Tangu zamani inajulikana kwamba pointi za walimu hazisimami hivyo. Huko Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Daniel Starch na Edward Elliott walituma nakala za kopi moja ya mwanafunzi kwa walimu wengi wa sekondari. Kopi ya jiometri, somo ambalo tunafikiri halina ubishi, ilipata 28 juu ya 100 kwa mmoja na 95 kwa mwingine. Kopi ileile!

Hao walikuwa walimu wa kweli, wasiomjua mtoto na wasio na chuki. Sasa ongezeni mambo ya kwetu. Ongezeni mwalimu anayesahihisha kopi 80 usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Ongezeni interogasio ya ghafla inayotolewa ili kuadhibu kalasi kwa sababu walipiga makelele. Ongezeni sifuri ya hesabu anayopewa mtoto kwa sababu hakuvaa soksi nyeupe. Biletini yetu ina nafasi yake ya mwenendo na nafasi yake ya bidii, tofauti na masomo. Makelele yaandikwe pale. Hesabu ni hesabu.

Na ongezeni yale ambayo kila mtu anayajua na wachache wanayasema mbele ya mikrofoni. Pointi zinazouzwa. «Silabi» ya lazima, ambaye hakununua hapati nusu. Mtoto wa chifu ambaye deliberasio inamsogeza. Na wasichana, binti zetu, wanaoambiwa wapite nyumbani kwa mwalimu jioni «kurekebisha pointi». Hili la mwisho si mambo ya elimu tena, ni uhalifu. Sheria juu ya ukatili wa kijinsia ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 imeliweka wazi, na unyanyasaji wa namna hiyo una adhabu yake mahakamani. Lakini tujiulize kwa nini unawezekana. Unawezekana kwa sababu hakuna anayejua pointi zimetoka wapi. Kama kila kopi ingerudi, kama kila mtoto angejua tangu mwanzo ulizo hili lina pointi ngapi na jibu zuri linatakiwa kuwa na nini, mwalimu mbaya angeuza nini? Giza ndiyo bidhaa yake.

«WANAFUNZI NI WENGI, MSHAHARA NI KIDOGO»

Nawasikia walimu wananijibu. Wewe mtu wa radio, njoo usimame mbele ya watoto 80, wengine wamekaa chini, ndipo uongee juu ya kupima.

Ni kweli. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, iliahidi kwamba masomo ya msingi katika shule za serkali ni ya bure na ya lazima. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019. Ilikuwa furaha kubwa kwa wazazi, watoto walifurika, lakini vyumba, mabanki na walimu havikufurika pamoja nao. Kuna walimu wanaofunza bila kuingizwa kwenye orodha ya mshahara. Serkali ina deni kwao, na gazeti hili dogo halitaacha kuliandika deni hilo.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji mshahara wala majengo. Walimu wa zamani wanajua njia ya La Martinière, ile ya ardwazi. Mwalimu anauliza, anagonga mara moja, kila mtoto anaandika jibu. Anagonga tena, ardwazi zote juu. Kwa jicho moja anaona nani amejua na nani bado, watoto 80 kwa nusu dakika. Hakuna kopi ya kusahihisha, hakuna pointi, hakuna aibu. Huko ndiko kupima kunakofunza, na tulikuwa nako tangu babu zetu wakiwa kalasini. Hakuna ardwazi? Kipande cha kartoni na chaki au makaa. Hakuna kartoni? Vidole: jibu la kwanza kidole kimoja, la pili vidole viwili.

Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusoma kaye 80 kila siku. Lakini akisoma 10 kwa siku, na kuandika chini ya kila moja mstari mmoja tu wa kumsaidia mtoto, baada ya siku 8 za masomo amewafikia wote. Na kosa ambalo ameliona katika kaye 6 kati ya 10, analo somo lake la kesho tayari.

Wazazi nao wana jibu lao: sisi tulifunzwa kwa pointi na fimbo, na tumekuwa watu. Tumekuwa watu, ndiyo. Lakini hesabuni wale mlioanza nao mwaka wa kwanza. Wangapi walimaliza pamoja nanyi? Wale walioachia njiani walikuwa wajinga wote? Au kuna mtu aliandika 3 juu ya 10 mwaka mzima bila kuwafunza tena?

Na wengine watasema: mwisho wa yote kuna mtihani wa taifa, lazima watoto wazoee. Mtihani utakuwepo, sijaomba ufutwe. Nchi inahitaji kipimo kimoja toka Kalemie hadi Matadi. Lakini mtoto hazoei mtihani kwa kupewa mitihani mingi, anauzoea kwa kujua. Kwa sababu sehemu kubwa ya mtihani ni kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, shule nyingi zinatumia mwaka wa sita mzima kukariri maulizo ya miaka iliyopita. Siku yenyewe watoto wanangoja majibu kwenye WhatsApp. Mtoto ambaye ameona makosa yake kila wiki na kuyarekebisha haogopi ulizo jipya, na hana haja ya kununua majibu.

TUNAOMBA NINI

Wa komite za wazazi, wakurugenzi, waenspekta, hii ndiyo orodha. Haina jambo hata moja linalohitaji pesa ya mfadhili.

Kwanza, kopi zote zirudi kwa watoto, za interogasio na za mtihani, na kila baada ya kurudisha kuwe na saa moja ya kurekebisha makosa kalasini. Shule inayokataa, komite ya wazazi iiandikie barua.

Pili, kabla ya kila kazi, watoto waambiwe inapima nini na kila ulizo lina pointi ngapi. Mtego si elimu.

Tatu, interogasio ya kuadhibu ikome, na pointi za somo zisichanganywe na mwenendo, soksi wala franka. Mtoto asinyimwe biletini yake kwa sababu ya deni la mzazi. Ukitaka kumdai mzazi, mdai mzazi.

Nne, mwalimu apewe haki ya kurudia somo. Leo akirudi nyuma, direkta anamwambia amechelewa katika programu. Programu iliyomalizika juu ya ubao lakini haikuingia kichwani haijamalizika.

Tano, enspekta asikague kaye ya pointi peke yake. Awaite watoto watano, kutoka mbele na kutoka nyuma, awasikie wakisoma na kuhesabu, kisha aandike alichosikia.

Na wewe mama, wewe baba, hata kama hukusoma, una kazi moja. Mtoto akileta biletini, usianze na asilimia. Mwambie: nionyeshe kitu kimoja ambacho hukukijua mwezi wa tisa na sasa unakijua. Asome mstari. Agawanye ndagala kwa watu sita. Aandike barua kwa shangazi yake. Akiweza, mshukuru mwalimu wake, hata kama biletini inasema 51. Asipoweza, nenda shuleni kesho yake asubuhi, hata kama biletini inasema 80, na uulize kwa heshima: mwalimu, hii 80 ni ya nini?